Ukuta wa Kuegemea

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Juni, 'Makhopotso alikuwa anakanda unga wa mkate wa kupika kwa mvuke, kazi anayoifanya kila Jumanne, na kabla hajaufunika kwa kitambaa unga ulikwisha umuka hadi ukingoni mwa beseni na kuanza kumwagikia mezani. Aliusukuma ndani kwa kiganja, ukaumuka tena. Akaona hamira za siku hizi ni kali. Alipokwenda kunawa, barafu iliyokuwa imeshika juu ya maji ya ndoo ikayeyuka kabla hajaigusa, na maji yakawa ya kuogea. Nthofeela, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa amejikunyata kwenye kigoda ndani ya mablanketi mawili, akavua moja.

"'M'e, leo humu ndani kuna nini?" alimwuliza, akitumia 'm'e, neno la heshima la mama.

"Kuna mimi na wewe," alijibu 'Makhopotso, akaendelea kuukunja mkate.

Halikuwa joto la homa. Alhamisi alitembea hadi zahanati, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na muuguzi akamtia kipimajoto kwapani. Kipimajoto kilipanda hadi mwisho kikapasuka. Muuguzi alifagia vioo, akaandika kwenye daftari kwamba kifaa kilikuwa kibovu, akampa vidonge sita na kumwambia anywe maji mengi. Njia nzima ya kurudi theluji iliyeyuka pale 'Makhopotso alipokanyaga, na kondoo wawili wa watu wakamfuata nyuma wakila majani yaliyofunuliwa na nyayo zake.

Joto lenyewe lilikuja mahali lilipohitajika. Kijiji cha Ha Lepheana hapo zamani kilikuwa chini bondeni, kwenye miforosadi na mipichi, na nyumba zake zilikuwa za mawe mazito na paa za nyasi. Kila boma lilikuwa na ng'ombe, samadi yao ikakatwa vipande, ikakaushwa na kupangwa ukutani, na hizo ndizo zilizokuwa kuni za majira ya baridi. Maji ya bwawa yalipopanda, watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa juu ya mgongo wa mlima na kupewa nyumba thelathini na moja za matofali ya saruji na bati, zilizosimama kwenye mstari mmoja kando ya barabara ili wageni wa ofisi ya bwawa waweze kuzihesabu bila kushuka garini. Huko juu hapakuwa na mti hata mmoja. Malisho yalibaki chini ya maji, ng'ombe wakauzwa, na pasipo ng'ombe hapana samadi, na pasipo samadi hapana moto. Ofisi iliahidi kila nyumba jiko la chuma na mafuta ya taa kila mwaka. Watu walifuatilia, wakapigwa danadana, leo mhusika hayupo, kesho karatasi haijasainiwa, na misimu miwili ya baridi ikapita hivyo. Wa kwanza uliondoka na wazee watatu, wa pili na wanne. Watu husema baridi iliwachukua. Ukweli ni kwamba waliuawa na ahadi, ila hakuna kaburi linaloandikwa hivyo.

Mtu wa kwanza kunufaika na 'Makhopotso alikuwa Ntate Tlelima, ntate ikiwa heshima ya kumwita mwanamume, mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyekaa peke yake nyumba ya pili. Alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka jua likazama. Kesho yake hakujisumbua kutafuta sababu. Alikuja na blanketi lake begani, akalivua, akamkabidhi.

"Shemeji, hebu jifunike hili kidogo."

Alilivaa, akalibana kwa pini kifuani, mistari yake ikiwa imesimama wima kama inavyopaswa, kwa kuwa mistari ikilala humzuia mtu kukua, na Tlelima alisema hata kwa umri wake hakutaka kubahatisha. Alikaa nalo kwa muda wa kumenya viazi vitatu. Asubuhi Tlelima alirudi na habari kwamba amelala mguu mmoja uko nje, jambo ambalo hakulifanya tangu walipohama bondeni.

Kufikia Jumapili kulikuwa na foleni. Watu walianza kuja jua likiwa utosini, kila mmoja na blanketi lake mkononi, na Tlelima akajipa kazi ya kuwapanga. Mtu mmoja alipokuja na matatu alimwuliza: "Mgongo unao mmoja. Haya mengine ni ya nani, ya mbwa?" Mtu akajibu ni ya mama yake na mkewe, na Tlelima akampisha huku akisema mbwa naye angefaa kufikiriwa. 'Makhopotso alikaa kwenye kigoda akavaa blanketi moja baada ya jingine, na kila moja lilitoka mwilini mwake na joto la kutosha hadi jogoo awike. Kazi hiyo ilimtia njaa. Alikula chakula cha watu wanne, na watu, ambao wenyewe hawakuwa nacho, walimletea ugali, mboga za majani, na kikombe cha pombe ya mtama pale ilipopatikana. Mwezi wa Juni uliisha bila kufa mtu. 'Makhopotso alikuwa amechoka na alikuwa na furaha. Tangu alipopakiwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake hakuwahi kujiona ana maana, na sasa aliiona.

Tarehe kumi Julai theluji iliziba barabara, na asubuhi hiyohiyo Nthofeela akashikwa na uchungu. Alijifungua jua lilipofika katikati, mtoto wa kike, mdogo mno, midomo ya buluu. 'Makhopotso alimweka katikati ya matiti yake, ngozi kwa ngozi, akamfunika. Baada ya kitambo ubuluu uliondoka na mtoto akalia. Alipojaribu kumlaza kitandani ulirudi, akamchukua tena.

Wanawake wa jirani walichomeka tete la mtoni juu ya mlango, ili kila mpitanjia ajue kuna mzazi ndani na asiingie. Kisha likabaki jambo la maji. Anapozaliwa msichana, baba yake humwagiwa chungu cha maji na kwa njia hiyo huambiwa amepata binti. Khopotso, baba mtoto, alikuwa machimboni ng'ambo ya mpaka, chini ya ardhi, ambako kwa taarifa alizotuma kulikuwa na joto la kutisha. Mahali pake palikuwa pa baba yake mdogo, Tlelima. Wanawake walisema kwa hali ya hewa ile tone moja mkononi lingetosha, na Tlelima alichukizwa na wazo hilo.

"Mtoto amezaliwa kwenye bati na saruji," alisema. "Sasa hata maji yake mnataka kuyapunguza?"

Akasimama mbele ya nyumba, akatazama pembeni, kwa sababu anayemwagiwa anatakiwa asijue. Chungu kizima kilikuja kutoka nyuma, chenye vipande vya barafu, kabla hajavua blanketi. Alicheka, wanawake wakapiga vigelegele, na kwa dakika chache Ha Lepheana kilikuwa kijiji kama kilivyokuwa zamani. Halafu alibaki amesimama pale, akichuruzika maji, akisubiri mtu aseme neno fulani. Hakuna aliyelisema. Akaenda zake. Alipofika mlangoni kwake blanketi lilikuwa limekakamaa kama bati, akalivua na kuliegemeza ukutani, likasimama lenyewe.

Neno ambalo halikusemwa lilihusu moto. Nyumba iliyo na tete juu ya mlango moto wake hautoki nje. Halitoki kaa, halitoki jivu, hayatoki maji yaliyochemka, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke na tete lishushwe. Moto ukitoka, mtoto hufuata. Jioni ile wanawake watatu walikutana kwenye bomba, ambalo lilikuwa limeganda, wakajadili kama 'Makhopotso ni mtu au ni moto. Mmoja alisema ni mtu, maana anakula. Mkubwa wao aliuliza kama nyumba ile ina jiko. Haina. Ina mafiga? Hayana kazi, hakuna samadi. Basi moto wa nyumba ile ni upi? Kila mmoja alikuwa na blanketi lake mkononi, na kila mmoja alikuwa na mzee au mtoto nyumbani. Walirudi na mablanketi yao ya baridi na kuwaarifu wengine njiani. Kesho yake foleni haikuwepo.

'Makhopotso alisubiri hadi alasiri, kisha akaelewa. Kutoka ndani aliweza kusikia kikohozi nyumba hadi nyumba, na baada ya siku moja alijua cha nani ni kipi. Alikuwa amekaa na mjukuu kifuani na moyo ulimuuma waziwazi, kama jino.

"Niende?" alimwuliza Nthofeela.

Nthofeela alimtazama mtoto. Akamfunika upya kifuani mwa bibi yake, na hilo likawa jibu. Si haki kumlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na mtoto mwenye uzito wa paka.

Asubuhi ya pili kitu kizito kiligonga ukuta wa nje, upande wa jua.

"Nani?"

"Mimi. Siombi moto, shemeji. Nimeegemea ukuta tu."

Habari ilifika bombani, wanawake wakaijadili. Mkubwa wao alisema joto linalopita ukutani lenyewe halikutolewa na mtu, hivyo si kosa la nyumba, ila isiwe watu wengi. Hakuna mwingine aliyejaribu. Waliona aibu, au waliogopa kumwua mtoto kwa migongo yao. 'Makhopotso alihama kitandani, akaja kukaa sakafuni na kubandika mgongo wake mahali pale pale kwa ndani. Siku tano mfululizo, tangu jua kutoka hadi kuzama, yeye na shemeji yake walikaa mgongo kwa mgongo, tofali moja katikati, wakiongea.

Waliongea habari za bondeni. Tlelima alisema samaki sasa watakuwa wanalala kitandani kwake, na kwamba hao wamepata nyumba nzuri kuliko yeye, tena bila kujaza fomu. Alisema mpichi wake wa nyuma ya zizi lazima unazaa bado, huko chini, na matunda yanaelea hadi ukutani mwa bwawa, ambako wahandisi wanayala bila kujua ni ya nani. 'Makhopotso alimwuliza kuhusu blanketi. Akajibu bado limesimama mlangoni, kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti.

"Livae hivyohivyo."

"Halikunjiki. Nimejaribu kuingia ndani yake, halina mlango."

Alicheka kwa kikohozi. Siku ya tano alimwuliza mtoto ameamkaje. 'Makhopotso akamwambia amenyonya vizuri.

"Basi kazi inafanyika," alisema Tlelima.

Siku ya sita hakujibu. 'Makhopotso alidhani amesinzia. Aliukaza mgongo wake ukutani kwa nguvu zote, hadi rangi ya chokaa ikaanza kubanduka, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Wanawake ndio waliomkuta. Ndevu zake zilikuwa na barafu, kifua na magoti vilikuwa vigumu kama saruji, mikono haikunyooka. Mgongo wake, tangu shingoni hadi kiunoni, ulikuwa laini na wa moto, na shati lilikuwa limelowa jasho. Walimbeba hadi nyumbani kwake wakamlaza kwa ubavu.

Barabara ilifunguka kesho yake, na kabla ya saa nne lilikuja gari la ofisi ya bwawa, na nyuma yake lori lenye majiko thelathini na moja ya chuma, mabomba ya moshi yakiwa yamefungwa mafungu kwa kamba. Watu walitoka nje wakasimama kulizunguka. Hakuna aliyegusa kitu. Bwana Sekoai, afisa mwenyewe, alikuwa kijana msafi mwenye glavu, na alieleza kwa upole kwamba kabla ya kugawa ilibidi apime joto la nyumba moja, ya kwanza kwenye mstari, ili majiko yasiende kwa wasioyahitaji. Nyumba hiyo ilikuwa ya 'Makhopotso. Aliona tete juu ya mlango na hakuingia, maana alilelewa vizuri. Alitoa kifaa mfukoni akakielekeza ukutani, upande wa jua. Kikasoma nyuzi thelathini na nne. Alikigongagonga, akapima tena, kikasoma thelathini na tano.

"Ntate," 'Makhopotso alisema kutoka ndani, mdomo ukiwa karibu na mlango, "hilo si joto la nyumba. Ni mimi."

"Nakuelewa, 'm'e. Kwenye fomu kuna sehemu ya chanzo cha joto." Akaandika: mkazi.

"Nyumba nyingine zote ni barafu. Zipime."

"Fomu ni ya nyumba moja."

"Mtu amekufa hapa jana. Amekufa kwa baridi akiwa ameegemea ukuta wangu."

Sekoai alisema hilo ni jambo kubwa na lazima lishughulikiwe. Akapelekwa kwa Tlelima, akavua kofia mlangoni. Mbele ya maiti kulikuwa kumefunikwa shuka kwa heshima, kwa hiyo alielekeza kifaa mgongoni. Nyuzi ishirini na tisa. Alisikitika, na alisikitika kweli, lakini alisema mtu aliyekufa kwa baridi hawezi kuwa na nyuzi ishirini na tisa siku ya pili, na kwenye kipengele cha sababu akaandika uzee. Aliuliza kama kungepatikana kikombe cha chai kabla ya safari. Aliambiwa hakuna moto wa kuchemshia. Hilo hakuliandika.

Majiko yalipangiwa kijiji kingine chenye uhitaji. Lori liligeuza, magurudumu ya nyuma yakateleza kwenye barafu na kuzunguka bure, likabaki pale pale. Dereva akaomba msaada. Watu wa Ha Lepheana ni watu wenye adabu, walikuja wote, wanawake kwa wanaume, wakalisukuma lori lenye majiko yao hadi likashika barabara. Kisha walisimama wakipumua kwa nguvu, na kwa dakika chache, kwa sababu ya kusukuma, walikuwa na joto.

Siku ya kumi tangu azaliwe, kitovu cha mtoto kilidondoka na tete likashushwa. Mtoto aliitwa Keneuoe na sasa aliweza kulala peke yake bila kubadilika rangi. 'Makhopotso alitoka nje kwa mara ya kwanza, akaegemeza paji la uso mahali pa ukuta ambapo Tlelima alikuwa ameegemea. Wanaume sita walikuwa wanamsubiri, wenye masululu na mtaimbo, kofia mikononi. Wa mbele aliitwa Ntate Rammoneng, aliyekuwa akisimamia mazishi ya kijiji.

"'M'e," alisema, "udongo umekataa. Mtaimbo unaruka."

Misimu miwili iliyopita wafu walikaa majumbani mwao hadi Septemba, na familia zikapika na kulala nao. 'Makhopotso hakuulizwa zaidi wala hakuhitaji kuulizwa. Alivua blanketi ili lisizuie joto, akawafuata hadi nyuma ya nyumba ya mwisho, ambako makaburi saba yalikuwa kwenye mstari, nayo pia yakitazama barabara. Walimwonyesha mahali palipochorwa kwa fimbo. Akalala kifudifudi, mikono ikiwa imenyooshwa.

Alilala hapo tangu asubuhi hadi jua likapita utosini. Alilia, na hakujificha. Alilikasirikia tete, akawakasirikia wanawake wa bombani waliokuwa na adabu kuliko njaa yao ya kuishi, akamkasirikia Sekoai na glavu zake, akajikasirikia mwenyewe kwa tofali moja ambalo angeweza kulizunguka kwa hatua ishirini. Hasira ilizidisha joto. Mvuke ulipanda kutoka ardhini, na wanaume wakarudi nyuma kidogo. Alipoinuka, aliacha tope lenye umbo lake, na walipopiga sululu iliingia hadi mpini. Walichimba bila kupumzika, kabla pande hazijaganda tena.

Nthofeela alikuwa ameshaweka beseni la maji ya shubiri mlangoni, ili mama mkwe anawe mauti kabla ya kumshika mtoto, na huko nyumbani watu walikuwa wameanza kupanga foleni na mablanketi. 'Makhopotso aliokota lake. Rammoneng alikuwa anatazama mbingu ya upande wa kusini, iliyokuwa nyeusi. Alisema Agosti yote ilikuwa bado mbele. Alisema nyumba za mwisho kulikuwa na wazee ambao kikohozi chao hakingeondolewa na blanketi tena. Alizungusha kofia mikononi, na ilionekana ana aibu.

"Kwa kuwa 'm'e umeshachafuka," alisema.

"Makaburi mangapi?" 'Makhopotso aliuliza.

Wanaume walitazamana. Mmoja alisema mawili. Rammoneng alisema matatu, tuseme matatu, halafu kama halikutumika litafukiwa.

'Makhopotso aliliweka tena blanketi chini, akasogea hatua mbili upande wa kulia, akalala.